Yuzu Walijifunga Wenyewe

Mvua ya alasiri ikianza hapa Kericho, vijana wa kambi za chai hujibanza kwenye kibanda cha fundi simu pale stendi, na ubishi hauishi. Juzi ulirudi ule wa Yuzu, emuleta ya Switch ya Nintendo. "Nintendo iliwaonea," kijana mmoja akasema. Wapi! Walijifunga wenyewe, na kipa hata hakuruka.

Emuleta hiyo ilifungua usimbaji wa gemu za Switch papo hapo zikichezwa, kwa prod.keys, yaani funguo za mashine, unazoleta wewe. Hapo wangeweza kujitetea. Lakini watengenezaji wake wakakaa chini wakaandika mwongozo: dukua Switch yako hivi, chota funguo hivi. Kisha matoleo ya mapema wakayaweka nyuma ya malipo ya Patreon, wakati gemu ya Tears of the Kingdom imevuja kabla ya siku yake ya kutoka, tarehe 12 Mei 2023. Nintendo ikadai kuwa gemu hiyo ilipakuliwa zaidi ya mara milioni moja kabla ya kutoka. Wakili wa upande wa pili atafute ushahidi gani tena? Mmemwandikia, na risiti mmembandikia. Sheria ya Marekani ya 1998 inamkamata mtengeneza chombo cha kuvunja kufuli hata kama yeye hakugusa kilichomo ndani. Kesi ilifunguliwa mwisho wa Februari 2024, na tarehe 4 Machi wakakubali kulipa dola milioni 2.4 na kufunga.

Wakazama na Citra, emuleta yao ya 3DS, mashine ambayo duka lake la mtandaoni Nintendo yenyewe ilishalifunga mwaka mmoja kabla. Hilo siwasamehe.

Na msiniambie kosa ni pesa. Emuleta za PlayStation ziliuzwa: Bleem iliuzwa, Virtual Game Station ya Connectix iliuzwa, tena PlayStation ikiwa bado iko madukani. Connectix waliichambua BIOS ya Sony, programu inayoiwasha mashine, wakaandika yao, mchezaji akatia diski aliyoinunua. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani ikawapa haki. Randy Linden wa Bleem naye hakushindwa na hoja. Gharama za mawakili ndizo zilizommaliza. Watu wa namna hiyo ni wachache siku hizi.

PPSSPP, emuleta ya PSP mnayochezea wote, nayo haikuombi BIOS. Kazi safi.

Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamruhusu mwenye programu kihalali kutoa nakala ya akiba, na inaruhusu programu kuchambuliwa ili nyingine ishirikiane nayo. Kufuli, usiguse. Sasa fundi anayekujazia ISO, yaani nakala za gemu za PSP, kwenye memori kadi, hiyo ni akiba ya nani? Anachuma shamba la jirani, na nimeshamwambia usoni.

Nanyi wa Litein, Sotik na Bomet wenye diski za PS2 kabatini, msizitupe. Nakala ya diski hizo mnaweza kuitetea. Nasema zile halisi, si zilizochomwa River Road.