Mashine ilimpa sifuri, kumbe mtoto alikuwa sawa

Wandugu wahitimu wenzangu, wengi wetu tunasifu programu za kutunga na kusahihisha interogasio za hesabu. Na mimi nilizisifu, mpaka siku moja hapa Baraka.

Wanafunzi walikuwa wengi, na wakibanana kwenye benchi moja wanakopiaga. Nikaona dawa: programu ibadilishe namba, kila mtoto apate ekwasio yake. Nilianza na x² − 5x + 6 = 0, majibu yake 2 na 3. Nikaiachia mashine ichague namba zingine yenyewe. Nikachapisha, wakafanya, jioni nikaingiza majibu, pointi zikatoka mara moja. Nilifurahi kweli.

Kesho yake kijana mmoja akanifuata na kopi yake. Alikuwa amepewa x² − 4x + 6 = 0, akaandika: "Haina jibu." Mashine ilingojea namba mbili, ikaona maneno, ikamwekea sifuri. Tukahesabu delta pamoja: 16 − 24 = −8. Yeye njo alikuwa sawa. Kosa lilikuwa langu, programu ilitii tu.

Dawa yake si ngumu. Mashine ichague majibu kwanza, tuseme 2 na 7, kisha ijenge ekwasio kutoka hapo: ukijumlisha ni 9, ukizidisha ni 14, basi x² − 9x + 14 = 0. Hapo hakuna anayeonewa.

Upande wa kusahihisha, sisi wote tulipita Examen d'État. Mashine inasoma jibu ulilochagua, njia yako haiioni. Aliyekosea ishara moja mwishoni na aliyebahatisha wanapata sifuri ileile. STACK, programu ya bure aliyoianzisha Chris Sangwin kule Uingereza, na ambayo Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya, kimeitumia, imeenda mbele zaidi. Inajua kwamba (x − 2)(x − 3) na x² − 5x + 6 ni kitu kimoja. Mwalimu anaweza hata kuiambia: mtu akileta −2 na −3, mpe nusu, mwambie aangalie ishara. Lakini ni mwalimu anayeiambia. Kosa ambalo hakulifikiria, mashine nayo hailijui.

Sikatai mashine. Toka Baraka mpaka Fizi, mwalimu anabebaga marundo ya kopi nyumbani, anasahihisha usiku kwa taa ya sola. Msaada tunauhitaji. Ila kazi haiishi, inahama tu: ile ya usiku wa kusahihisha inakuja kabla ya kutunga. Anayeikimbia kote kuwili, mtoto njo analipa.

Kwa hiyo, kabla ya kugawa, pima delta ya kila ekwasio. Na pointi zikishatoka, msikilize anayekuja na kopi mkononi. Yule kijana nilimrudishia pointi zake mbele ya darasa lote, nikasema wazi nani alikosea.