Tor: kitunguu hakitoshi, tupite Tabora

Maelezo mengi ya Tor, ule mtandao wa kuficha utambulisho, huanza na kitunguu. Ujumbe wako unafungwa kwa matabaka matatu ya usimbaji, na kila kompyuta unayopitia, yaani rilei, inabandua moja. Rilei ya kwanza inakujua wewe, haijui uendako. Ya mwisho inaijua tovuti, haikujui wewe. Kwa kueleza usimbaji, mfano huu ni safi kabisa. Tatizo ni kwamba kitunguu hakina njia wala mbebaji, na udhibiti wa intaneti unapiga hapohapo.

Sasa fikiria Tabora ya mwaka 1871. Misafara kutoka pwani ilipita pale kwenda Ujiji, mizigo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mirambo alipopigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, njia ikafungwa. Ili kuifunga hakuhitaji kujua kilichomo ndani ya mizigo. Ilitosha kujua inapita wapi. Stanley akalazimika kuzungukia kusini ndipo akafika Ujiji.

Tor nayo iko hivyo. Orodha ya rilei zake iko wazi pamoja na anwani za IP, hivyo nchi inaweza kuzizuia zote bila kuvunja usimbaji wowote. Njia ya kuzungukia ni madaraja: rilei za kuingilia ambazo hazimo kwenye orodha ya wazi.

Kitunguu hakikuambii haya, na unaweza kuponzeka. Ukiwasha rilei ya kawaida nyumbani kwako Tabora, anwani yako inaingia kwenye orodha. Ikiwa ni ya kutokea, anachofanya mgeni mtandaoni kitaonekana kimetoka kwako. Kumbuka Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao, zikiwemo anwani za IP. Rilei si VPN, lakini hiyo tofauti utamweleza nani? Tena jirani yako aliyefungiwa haimsaidii kihivyo, maana anachokosa ni mlango wa kuingilia. Anayeweza kumpa ni ndugu aliye ughaibuni, kwa kuweka Snowflake kwenye kivinjari chake.

Hata msafara una kasoro kama mfano: mpagazi alijua safari inaishia wapi, rilei ya kati haijui. Ila angalau unatukumbusha kwamba lazima pawe na njia. Intaneti ilipozimwa nchini siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, hata daraja halikuwa na pa kuanzia.