Waya Juu ya Migomba ya Kamuli

Antena ya redio ya ridhaa, katika umbo lake la msingi, ni waya wa shaba uliokatwa kwa urefu unaolingana na wimbi linalotakiwa, ukapandishwa juu na kuunganishwa na redio kwa kebo. Ufundi uko katika kuukata, kuupandisha na kuuunganisha. Redio ya bei kubwa iliyofungwa kwenye waya mbovu hushindwa na redio ya kawaida ambayo waya wake umesimikwa na fundi anayeijua kazi.

Hesabu ya urefu ni nyepesi: 143 hugawanywa kwa masafa ya megahezi, na jibu ni mita. Kwa megahezi 7.1 zinapatikana mita 20 na ushei, yaani mita 10 kila upande, kebo ikifungwa katikati. Hata hivyo ardhi, mabati ya paa na miti ya jirani huubadilisha mwenendo wa waya, kwa hiyo fundi makini huacha ziada. Huupandisha, hupima kwa mita ya SWR, inayoonyesha kiasi cha mawimbi kinachorudi kwenye redio, huushusha, hukata sentimita chache, huupandisha tena. Kazi hii huchukua saa nyingi na haina njia ya mkato. Waya uliozidi hupunguzwa, lakini uliopungua huungwa, na kiungo ni mahali pa kutu kuanzia.

Kamuli, kata ya Mkoa wa Kagera iliyokuwa ya Karagwe kabla Wilaya ya Kyerwa haijaanzishwa mwaka 2012, iko katika nchi ya vilima na mabonde. Mawimbi ya VHF, yanayosafiri kwa mstari mnyoofu, hugota kwenye kilima cha kwanza. Masafa mafupi huponyoka kwa njia nyingine: waya wa megahezi 7 uliotandazwa mlalo chini ya mita 10 kutoka ardhini hurusha nguvu zake nyingi wima, zikafika kwenye tabaka la hewa lenye chaji za umeme, kilomita 200 na zaidi juu, na kurudi ardhini kama mvua katika eneo la mamia ya kilomita. Mchana, karibu na Ikweta, tabaka hilo huwa na nguvu ya kuyarudisha mawimbi hayo. Kwa hiyo anayetaka kuongea na Bukoba, Mwanza au Kigali hahitaji mnara mrefu, na shule au kikundi cha vijana chenye mlingoti mmoja wa mkaratusi kinaweza kuanza.

Ukanda huu ulizijua antena hizo zamani. Huduma ya madaktari wa ndege ya AMREF, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1957, ilijenga mtandao wa redio uliowafikia waganga wa hospitali za misheni vijijini Afrika Mashariki. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Ngara na Karagwe, mashirika ya misaada yalitegemea simu ya upepo, kwa kuwa simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika huko. Redio hizo zilikuwa za kazi, si za ridhaa, lakini waya na stei zake, yaani nyaya zinazoushikilia mlingoti, hufungwa kwa kanuni zilezile.

Mlingoti wa mkaratusi huoza kwanza pale unapoingia ardhini, unyevu unapokutana na hewa, na mchwa huanzia hapohapo. Wengi huupaka oili chafu, nayo husaidia kwa muda tu. Heri nguzo iliyotiwa dawa kama zile za umeme. Hunyooshwa kwa timazi, kisha hushikwa na stei tatu zilizogawana duara sawasawa, kila moja ikitia nanga umbali wa mita 6 hadi 8 kwa mlingoti wa mita 10. Stei za chuma hukatwa vipande kwa vikombe vya kaure ili zisinyonye mawimbi. Kikombe cha umbo la yai kinastahili kutazamwa kwa makini. Ncha mbili za waya hupita ndani yake zikiwa zimepishana, kila moja ikizunguka njia ya mwenzake, hivyo mvuto wa stei huibana kaure badala ya kuivuta. Kaure ikipasuka, vitanzi viwili hushikana na mlingoti hauanguki. Aliyebuni umbo hilo alifikiria siku ya kuharibika kabla ya siku ya kufunga.

Mwisho wa waya ukifungwa kwenye mgrivilea, usikazwe. Mti huyumba, waya hukatika. Fundi hupitisha kamba kwenye kapi na kuning'iniza jiwe. Mti ukiinama jiwe hupanda, ukirudi jiwe hushuka, na waya haujui kama kuna upepo.

Adui mkubwa zaidi ni maji. Yakipenya kwenye kiungo cha juu, husafiri ndani ya wavu wa shaba wa kebo mita baada ya mita, shaba ikawa nyeusi na sauti ikafifia bila sababu kuonekana. Kiungo huvikwa utepe wa mpira kuanzia chini kwenda juu, ili kila mzunguko uufunike ule wa chini yake. Kabla ya kuingia nyumbani kebo huachwa ining'inie kidogo, maji yadondokee nje.

Halafu radi. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, na Kagera iko kati ya ukanda huo na Ziwa Viktoria. Nyaya za ethi hupita njia fupi iliyonyooka, na fimbo zote za shaba, za mlingoti na za nyumba, huunganishwa pamoja. Palipo na mwamba fimbo ndefu haizami, basi huzikwa nyaya ndefu kando. Hata hivyo kebo hung'olewa kwenye redio mawingu yangali mbali.

Anayepanda mnara huvaa mkanda wenye kamba mbili, moja ikiwa imefungwa wakati wote, wala chini yake hasimami mtu. Mlingoti husimikwa mbali na nyaya za umeme kwa umbali unaozidi urefu wake, kwa maana ukiangukia nyaya hizo huua.

Waya uliopanda vizuri bado huhitaji kutazamwa. Kabla ya vuli na kabla ya masika, stei zikazwe, kamba zilizochakaa kwa jua zibadilishwe, shina la mlingoti ligongwe kwa nyundo kusikiliza uozo. Kurusha mawimbi hewani hutaka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na alama ya wito inayoanza na 5H. Vijana wa Kamuli wanaopenda umeme waanze na waya wa mita 20 na redio ya kusikiliza tu, wakiomba leseni huku mikono ikijifunza.