Durban si ufukwe tu: kuwasoma Nkosi na Govender

Kule Chatsworth, pembeni mwa mji wa Durban, wako watu wanaoitwa Wazanzibari. Wengi wao asili yao si Zanzibar, ni Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Mababu zao walikuwa kwenye majahazi ya watumwa, wakakamatwa na manowari za Waingereza, na kuanzia mwaka 1873 wakashushwa Durban kufanya kazi. Serikali ya ubaguzi ilipokuja kugawa watu mafungu, haikujua iwaweke wapi. Walikuwa weusi na ni Waislamu, na hawakuwa Wazulu. Mwisho ikawaandika kuwa ni Waasia, ikawahamisha kutoka Bluff, jirani na bahari, ikawapeleka Chatsworth kwa Wahindi.

Nimeanza na hawa kwa sababu huwezi kuielewa Durban kwa kuangalia hoteli za ufukweni peke yake. Mji ule ulikua kwa kuleta watu na kuwapangia mahali pa kukaa. Wafanyabiashara wa Kiingereza walifika mwaka 1824. Mwaka 1860 ikaingia meli ya kwanza ya Wahindi wa mkataba, waje kulima miwa. Joto na mvua vilistawisha miwa, miwa ikaikuza bandari, na bandari ikawavuta vijana wa Kizulu kuja kupakua mizigo. Kila kundi lilihitajika kwa kazi, lakini si kila kundi lilitakiwa kuwa jirani. Sisi wa Dar es Salaam tuliorithi Uzunguni, Uhindini na Uswahilini hatuhitaji kuelezwa sana.

Sasa, vipo vitabu viwili ambavyo kwangu vinaeleza jambo hili kuliko historia nyingi. Cha kwanza ni *Mating Birds* cha Lewis Nkosi. Msimulizi, Ndi Sibiya, yuko gerezani akisubiri kunyongwa. Ameshtakiwa kumbaka Veronica, mwanamke wa Kizungu. Yote yalianza ufukweni: yeye amekaa upande wa weusi, mwanamke amelala upande wa Wazungu, na katikati kuna mpaka wa sheria. Hawasemeshani, wanaangaliana tu. Nkosi, aliyezaliwa Durban mwaka 1936 na kuishi uhamishoni kwa miaka mingi, ameshika kitu hasa hapa. Mchanga ni uleule na maji ni yaleyale, ila sehemu uliyokaa ndiyo inayoamua kama wewe ni mtalii au mhalifu.

Lakini riwaya hii ina kasoro ambayo siwezi kuifumbia macho. Veronica ni kama hana sauti. Tunamwona kwa macho ya Sibiya tu, na Sibiya mwenyewe anakiri kwamba kumbukumbu zake zina utata. Najua wapo wanaosema ndiyo maana yenyewe, kwamba ubaguzi umeharibu hata uwezo wa kujua ukweli. Sawa. Ila kulichukua shtaka la kubaka likawa fumbo la siasa, huku mwanamke amebaki kama picha, kuna gharama yake. Nilipokifunga kitabu nilikuwa nimeielewa sheria ya ufukwe ule, lakini sikuwa nimewaelewa watu wawili waliokuwa pale.

Cha pili ni *At the Edge and Other Cato Manor Stories* cha Ronnie Govender, kilichotoka mwaka 1996. Hapa tunaiacha bahari na kupanda mlimani, Cato Manor, alikozaliwa mwandishi. Wahindi waliomaliza mikataba walilima mboga huko, wakajenga nyumba na mahekalu. Kisha Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 ikaja kuwaondoa. Wahindi wengi wakapelekwa Chatsworth, Waafrika KwaMashu na Umlazi, na sehemu kubwa ya ardhi ile ikakaa tupu kwa miaka.

Govender anaandika Kiingereza cha mtaani kwao, chenye utani na kelele za jikoni. Humkuti akihubiri. Anakupa wacheza kamari, mabishano ya ndoa, mzee mkaidi, na ukishawazoea ndipo unakumbuka kwamba nyumba zao zote zitavunjwa. Kwa watu ambao anwani zao zimefutwa, kitabu hiki ni kama kurudishiwa hati ya kiwanja.

Hata hivyo na yeye nina neno naye. Cato Manor ilikuwa pia Umkhumbane, mji wa vibanda wa maelfu ya Waafrika, wengi wao wakipanga kwenye ardhi ya Wahindi. Januari 1949 hasira zililipuka dhidi ya Wahindi, na watu 142 wakafa, wengi wao Waafrika waliouawa polisi na jeshi walipoingia kuzima ghasia. Govender hayakwepi machafuko hayo, na hilo ni la kumpongeza. Ila moyo wake uko kwenye ujirani mwema uliovunjwa na serikali. Mimi nilitaka kumsikia zaidi yule mpangaji anayelipa kodi kila mwezi na hajui lini ataambiwa ahame. Ujirani ulikuwepo kweli, na kodi nayo ilikuwepo.

Kwa hiyo nani asomwe kwanza? Ukiniuliza mimi, Govender. Nkosi anaandika kwa ustadi zaidi, lakini Govender anapenda watu zaidi, na mji uliogawanywa kwa rula unahitaji mtu wa namna hiyo. Halafu wasome kwa pamoja, maana mmoja anakuonyesha mpaka na mwingine maisha yaliyokuwa nyuma yake.

Wala usidhani ni mambo ya zamani. Aprili 2022 mafuriko yaliua zaidi ya watu 400 Durban na maeneo yake, na walioumia sana ni waliojenga vibanda kwenye miteremko na kingo za mito. Mvua haikuwabagua. Waliishi pale kwa sababu ardhi salama ilishagawiwa zamani.

Riwaya ninayoisubiri bado sijaisoma. Ni ile ambayo mpangaji, mwenye nyumba na yule Mzanzibari asiye wa Zanzibar watakaa kwenye basi moja kwenda mjini, na kila mmoja atapewa nafasi ya kusema.