Istilahi Finyu, Mavuno Haba: Uhakiki wa Utafutaji wa Makala za Haki Jinai kuhusu Sudan Kusini

Mnamo tarehe 28 Julai 2018, Peter Biar Ajak, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, alikamatwa katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba. Idara ya Usalama wa Taifa ilimweka kizuizini. Hakushtakiwa hadi Machi 2019. Mwezi Juni alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kuvuruga amani, kutokana na mahojiano aliyofanya na vyombo vya habari vya nje, na Januari 2020 akapata msamaha wa Rais. Kukamatwa, mashtaka, hukumu, msamaha: ni mchakato kamili wa haki jinai. Hata hivyo, mtafiti anayetafuta makala za majarida kwa istilahi hiyo pekee anaweza asikutane na kesi hii kabisa, kwa kuwa mambo ya aina hii aghalabu huainishwa chini ya haki za binadamu au usalama wa taifa.

Udhaifu huu hauondolewi na upatikanaji. Tangu Machi 2018, mpango wa GOALI, unaoratibiwa na Shirika la Kazi Duniani ndani ya Research4Life, umezifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya sheria bure au kwa ada ndogo. Mlango upo, tatizo ni neno linalobishiwa hodi.

Nchini Tanzania, istilahi "haki jinai" ilizoeleka zaidi kupitia Tume ya mwaka 2023 iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ilihusu taasisi za dola: polisi, mashtaka, magereza. Ikipelekwa Juba bila kupanuliwa, inawaacha nje machifu, ambao mahakama zao huamua mashauri mengi ya wananchi. Kibaya zaidi ni kichujio kinachobakiza majarida yaliyopitiwa na wataalamu tu (na wanagenzi hufundishwa kukibofya kwanza!). Kichujio hicho huitupa ripoti ya mwaka 2010 ya Taasisi ya Amani ya Marekani na Taasisi ya Bonde la Ufa kuhusu haki ya kienyeji Sudan Kusini, kazi ambayo mshauri wa sera hapaswi kuikosa.

Utafutaji ungeanza vyema zaidi na jina la sheria yenyewe, yaani Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya 2014, iliyowapa maafisa wake mamlaka ya kukamata na kuzuilia watu. Anayeitaja sheria hiyo, awe mwanasheria, mwanahistoria au mwanaanthropolojia, anazungumzia haki jinai hata kama ikisiri yake haina neno hilo.