Tone Bila Kibaba: Kuisoma Hadithi ya Ndege Mdogo kutoka Westville

Kijana anapouliza afanye nini kuhusu mabadiliko ya tabianchi, aghalabu hujibiwa kwa hadithi. Msitu unaungua. Wanyama wakubwa wanakimbilia ukingoni, wanasimama na kutazama, wamekata tamaa. Ndege mdogo kuliko wote, mvumaji, anaruka hadi mtoni, anachota tone moja kwa mdomo wake, analidondosha juu ya moto, kisha anarudi kuchota jingine. Wakubwa wanamwambia kuwa anajisumbua bure. Miongoni mwao yumo tembo, ambaye mkonga wake ungeweza kubeba maji mengi. Ndege anajibu kwamba yeye anafanya lile analoliweza. Hadithi inaishia hapo.

Aliyeieneza zaidi katika Afrika Mashariki ni Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Hata hivyo, haikuzaliwa Afrika. Mvumaji haishi porini popote nje ya mabara ya Amerika, na hadithi yenyewe huhusishwa na Waquechua wa Amerika ya Kusini. Huku kwetu ndege anayemkaribia kwa umbo na mwendo ni chozi, yule anayefyonza maua. Kusafiri kwa hadithi si kasoro. Fasihi simulizi ya pwani nayo ina ngano zilizovuka bahari. Lakini hadithi ngeni ikishapokewa na kuwa jibu la kila swali, inastahili kuhakikiwa kwa makini yale yale yanayotumika kuhakiki riwaya au utenzi.

Kimuundo, hadithi hii ni fupi na imefungwa. Hakuna mhusika anayeuliza moto uliwashwa na nani. Tembo anaaibishwa kwa maneno yake tu. Mwishoni bado amesimama pale pale na mkonga mtupu, na msimulizi hana la kumtaka alifanye. Ndege naye haombi msaada, hagawi kazi, hamwiti mwenzake. Tendo lake linapimwa kwa usafi wa nia, si kwa kilichoupata msitu. Msikilizaji anaondoka na faraja ambayo haimdai mtu mwingine yeyote kitu. Pengine ndiyo sababu hadithi hii hupendwa na watu wa kila upande. Ina undugu na wazo jingine lililoenea katika miaka ya 2000, la kila mtu kukokotoa kiasi chake mwenyewe cha hewa ya ukaa. Miongoni mwa walioivumisha hesabu hiyo kwa matangazo makubwa ilikuwa BP, kampuni ya mafuta. Tembo alijifunza kuwasimulia ndege hadithi ya ndege.

Mtetezi wa hadithi anaweza kusema kwamba Waswahili wenyewe wana methali inayokubaliana nayo: haba na haba hujaza kibaba. Lakini methali hiyo haisemi jambo lile lile. Kibaba ni kipimo, robo ya pishi, chombo chenye ukingo na kitako. Haba hujaza kwa sababu kuna kitu kinachozipokea, na kwa sababu zote huangukia mahali pamoja. Matone ya mvumaji hayana kibaba. Kila moja linaangukia ndimi tofauti za moto na kugeuka mvuke. Tatizo la ndege, basi, si udogo wake. Ni kwamba tone lake halikutani na tone jingine.

Hoja hii inaweza kupimwa mahali halisi, na mahali pazuri pa kuipima ni Westville, kitongoji cha Durban, Afrika Kusini. Mji huo si mgeni kabisa katika historia ya Uswahili. Kuanzia mwaka 1873 watu waliokombolewa utumwani, wengi wao Wamakua wa Msumbiji, walipelekwa Durban kutoka Zanzibar. Wazao wao wanaitwa Wazanzibari hadi leo. Walikaa eneo la Bluff hadi utawala wa kibaguzi ulipowahamishia Chatsworth kwa mujibu wa Sheria ya Maeneo ya Makundi. Katika Durban, nani aishi mlimani na nani aishi bondeni ni jambo lililowahi kuamuliwa kwa sheria, na ramani hiyo haikufutika sheria ilipofutwa.

Westville ilikuwa ya Wazungu. Juu ya kilima chake kilijengwa chuo kikuu kilichotengwa kwa ajili ya wanafunzi wa asili ya Kihindi, Chuo Kikuu cha Durban-Westville, ambacho tangu mwaka 2004 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Katika kitongoji hicho unapita Mto Palmiet. Unatoka upande wa Kloof na Pinetown, unapita karibu na viwanda, unaingia kwenye hifadhi ndogo ya misitu katikati ya nyumba zenye bustani na kuta, kisha unateremka hadi unapokutana na Mto uMngeni. Karibu na makutano hayo, kwenye uwanda ambao mto huufurika, upo mtaa wa vibanda unaoitwa Quarry Road West. Maji yanayotoka juu ya mapaa na barabara za lami za kilimani huishia kwenye milango ya watu wa bondeni.

Tarehe 11 na 12 Aprili 2022 mvua ilinyesha Durban na viunga vyake kwa namna isiyosahaulika. Baadhi ya vituo vilipima zaidi ya milimita 300 katika saa 24. Watu zaidi ya 400 walikufa katika jimbo la KwaZulu-Natal. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walikadiria baadaye kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliyosababishwa na binadamu yaliongeza uwezekano wa mvua ya namna hiyo takriban mara mbili. Msomaji wa hadithi ya mvumaji anayesimama kwenye ukingo wa Palmiet anakutana na kinaya kisichohitaji kutafutwa: hapa maji si dawa ya moto. Maji ndiyo moto wenyewe.

Katika Quarry Road West vibanda vingi vilisombwa. Lakini maisha ya watu yaliokolewa, na jinsi yalivyookolewa ni sehemu ya kisa inayohusu uhakiki huu. Katika miaka iliyotangulia, wakazi wa mtaa, watafiti wa chuo kikuu na maofisa wa manispaa ya eThekwini walikuwa wamejenga mfumo wa tahadhari. Utabiri wa mvua na habari za hali ya mto zilipitishwa kwa ujumbe wa WhatsApp hadi kwa watu waliojulikana mtaani. Hao nao wakaamsha jirani kwa jirani, na wakarudisha habari za kile walichokiona kwa macho yao. Waswahili wangeiita mbiu ya mgambo: ikilia, kuna jambo. Na mbiu haifanyi kazi kwa sababu pembe ni kubwa. Inafanya kazi kwa sababu wanaoisikia wanamjua anayeipiga na wanamwamini.

Hapa majukumu yanaonekana kwa sura tofauti na ile ya hadithini. Hakuna aliyelipata jukumu lake kwa kuuchungulia moyo wake peke yake. Mtafiti alilipata kwa sababu chuo chake kiko jirani na mto. Ofisa, kwa sababu takwimu za mvua zilipita mezani kwake. Mkazi, kwa sababu dirisha lake lilitazama maji na simu yake ilikuwa na namba za majirani. Kila mmoja alikuwa na tone tu. Utabiri usiomfikia aliyelala hauna faida, na jicho lililoona mto ukipanda bila kuwa na wa kumwambia haliokoi mtu. Ule mlolongo wa ujumbe ulikuwa kibaba.

Kwa kushangaza, hoja hiyo hiyo imo katika kitabu cha Maathai mwenyewe. Tawasifu yake, Unbowed, iliyotoka mwaka 2006, inasomeka kama sahihisho refu la hadithi aliyoipenda. Hakuanza kwa kujiuliza ana karama gani. Utafiti wake wa kupe, akiwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ulimpeleka vijijini, na huko akaona udongo ukichukuliwa na mito. Katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya akawasikia wanawake wa vijijini wakieleza shida ya kuni na maji safi. Harakati za Ukanda wa Kijani zilizozaliwa mwaka 1977 zilikuwa, kwa vitendo, kazi ya kutengeneza vibaba: vikundi vya wanawake, vitalu vya miche, na malipo madogo kwa kila mche uliopona baada ya kupandwa. Mche uliokufa haukulipiwa. Nia njema peke yake haikuhesabiwa.

Zaidi ya hapo, Maathai wa Unbowed hamwachi tembo asimame. Mwaka 1989, serikali ilipotaka kujenga jengo refu katika Bustani ya Uhuru jijini Nairobi, aliandika barua kwa wakubwa wa nchi na wa nje, akatukanwa bungeni, akaendelea, na hatimaye mpango ukaachwa. Mvumaji wa hadithini angeendelea kuchota maji. Maathai aliuliza mkonga ni wa nani na kwa nini hauna maji. Wanaoisimulia hadithi yake bila kuyataja maisha yake wanamfanya mdogo kuliko alivyokuwa.

Haki inataka hadithi isitupwe. Inafanya jambo moja ambalo takwimu haziwezi: inamkataza msikilizaji kulala chini akingoja kuungua. Mwishoni mwa mwaka 2011, miezi miwili tu baada ya kifo cha Maathai, mataifa yalikutana Durban katika mkutano wa 17 wa tabianchi na kukubaliana kuanza kujadili mkataba mpya. Miaka zaidi ya kumi baadaye umeme wa Afrika Kusini, kwa sehemu kubwa, bado unatoka kwenye makaa ya mawe, na mto bado unafurika. Anayeyatazama hayo bila kuwa na hadithi yoyote ya kumshikilia anaweza kufanana na Kazimoto wa Kichwamaji cha Kezilahabi, msomi aliyeuliza maswali mazito akiwa peke yake mpaka yakamwangamiza. Vilevile mfumo wa tahadhari usisifiwe kupita kiasi. Ulimtoa mtu kwenye maji. Haukumpa nyumba mahali palipoinuka. Hilo ni deni la tembo, na bado halijalipwa.

Kinachohitajika ni hadithi isimuliwe kwa utaratibu wa wenyeji wake wapya. Ngano ya Kiswahili haianzi kabla mtambaji hajasema “Paukwa!” na wasikilizaji kuitika “Pakawa!” Asipoitikiwa, hasimulii. Mwalimu anayemsimulia kijana kisa cha ndege mdogo angefanya vyema kukiacha wazi mwishoni, ili darasa liulize nani aliwasha, nani ana mkonga, nani hajaamshwa. Na kijana anayeishi Westville, akiuliza afanye nini, anaweza kuanza kwa kuufuata mto unaopita nyuma ya ukuta wao hadi chini kabisa, ajue unamfikia nani, na achukue namba yake ya simu kabla mvua haijaanza.