Kitu Kizuri na Kwao

Kakontwe, penye machimbo ya chokaa pale Likasi, Kongo, ina jina lililotembea mbali. Wanajiolojia waliliazima kuita tabaka zima la mawe ya chokaa, ndiyo maana anayesoma habari za zinki na shaba ya Kipushi, kule upande wa Lubumbashi, hawezi kuikwepa Kakontwe. Jiwe hilo, popote linapoonekana, lina kwao. Nyimbo, picha na michezo hazina bahati hiyo. Hupita simu kwa simu, na kila zinapopita hudondosha kitu: kwanza jina la fundi, kisha mji, mwisho namna ya kuutenda ufundi wenyewe. Kumwonyesha mwenzako kitu cha kufurahisha ni kazi ya ufundi, na kwa maoni yangu kipimo chake si uadimu wa kitu hicho. Kipimo ni kiasi cha habari kinachofika pamoja nacho.

Ushahidi uko Likasi hapohapo. Mwaka 1952, mji ukiitwa bado Jadotville, Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alimkuta mtaani kijana wa miaka 22, mzaliwa wa Bunkeya, akipiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada. Huyo ni Jean-Bosco Mwenda, na wimbo ni "Masanga". Tracey alikuwa na mazoea ya kuandika nani anapiga, wapi, lini na kwa lugha gani. Bila hayo tungebaki na gitaa tamu la mtu asiyejulikana. Waliofuata waliongeza. Mtafiti wa muziki David Rycroft, katika jarida la *African Music* la 1961 na 1962, aliuandika upigaji wa Mwenda nota kwa nota. Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza John Low alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, akajifunze kwa mafundi wenyewe. Kila mkono ulipokea ukakabidhi zaidi.

Atakayepinga atauliza: nani alifaidi? Swali la haki. Tracey alirekodi katika koloni, sahani zikauzwa na kampuni ya Gallotone ya Afrika Kusini, na umaarufu wa wimbo haukai mezani kama ugali. Jina si malipo. Lakini asiye na jina hana hata pa kudai, wala mtu kama Low hajui aende kubisha hodi wapi. Dhuluma ya mapato inahitaji dawa yake. Kuficha asili ya wimbo si dawa hiyo.

Wengine husema maelezo huua raha, kitu kizuri kijitetee chenyewe. Waende wakautazame ubao wa bao bila mwalimu. Wataona safu nne za mashimo manane, basi. Raha huanza pale wanapoambiwa kwamba kila mchezaji ana kete 32, kwamba katika bao la Kiswahili anaanza na kumi ubaoni na 22 mkononi, kwamba namua ni hatua ya kuziingiza na mtaji huja zikishaisha, na kwamba shimo liitwalo nyumba lina sheria zake. Alex de Voogt, aliyeandika kitabu juu ya mabingwa wa bao, ilibidi ajifunze kwao Zanzibar. Kwa picha hali ni ileile, ila chungu zaidi. Msanii Sammy Baloji wa Lubumbashi, katika mfululizo wake *Mémoire* wa 2006, aliwatoa wafanyakazi katika picha za zamani za kumbukumbu za migodi akawasimamisha mbele ya magofu ya leo ya kampuni ya migodi ya Gécamines. Ati amezichezea nyaraka? Hakuficha mshono: watu ni weusi na weupe, mahali pana rangi. Amewarudisha kazini kwao, jambo ambalo kabati la kumbukumbu halikuwafanyia.

Siku hizi simu yenyewe huchagua cha kutuonyesha, na huchagua vizuri kuliko wengi wetu. Inaweza kukuletea karindula, banjo kubwa ya Katanga, ukacheka na kupita. Rafiki mwenye ufundi ataongeza mstari mmoja: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, nyuzi nne, mpigaji hukaa juu ya chombo chake au kando yake, muziki ni wa Lubumbashi na jirani zake. Mwenye pipa tupu Morogoro anaweza kuanza kesho.